Koitalel arap Samoei: Mzito wa Nandi aliyewatoa Wazungu jasho miaka 10, na wanajeshi weusi waliotumwa kummaliza

Kama umewahi kupanda matatu ya Eldy kwenda Kapsabet, hii unaijua. Dere anaweka reggae, Bob Marley anaingia na Buffalo Soldier, na gari nzima inaanza kutingisha kichwa. Hiyo ngoma ilitoka 1983, miaka miwili baada ya Bob kufariki, na hadi leo haijazeeka. Lakini manze, ushawahi kujiuliza hao Buffalo Soldiers walikuwa kina nani? Na walikuwa wanapigana na nani?

Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu hawapendi kuiguza. Mwaka wa 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndio vimeisha, Marekani iliunda vikosi viwili vya wanajeshi weusi wa farasi: Kikosi cha 9 na Kikosi cha 10. Wengi wao walikuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Mshahara ulikuwa dola 13 kwa mwezi, juu yake chakula, yunifomu na farasi. Maofisa wao karibu wote walikuwa Wazungu. Kisha wakatumwa magharibi kupigana na wenyeji wa Amerika, watu waliokuwa wanatetea ardhi ya babu zao. Wenyeji hao ndio waliowabandika jina la nyati. Mwaka wa 1880, chifu wa Waapache aitwaye Victorio alipojaribu kupita Texas, ni wanajeshi weusi waliomfungia njia ya kufika kwenye visima vya maji.

Yaani mtu aliyetoka kwenye minyororo anapewa bunduki aende kumtoa mwingine kwake.

Ukidhani hiyo ni stori ya majuu, tulia. Hapa kwetu tuko na yetu, na ilitokea hapo tu mbele, milima ya Nandi. Tofauti ni kwamba hawa wetu walitembea kwa miguu badala ya farasi. Na mtu waliyetumwa kummaliza jina lake unalijua tangu shule ya msingi: Koitalel arap Samoei.

Mtoto wa Kimnyole

Koitalel alizaliwa takriban 1860, upande wa Aldai. Fathe yake alikuwa Kimnyole arap Turukat wa ukoo wa Talai, na alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Usichanganye orkoiyot na mfalme. Hakuwa na kiti cha enzi wala karao wa kumkamatia watu. Alikuwa mtu wa maono, na vijana wa vita hawakutoka kwenda kuvamia bila baraka zake. Wakirudi na ng'ombe, alipata sehemu yake. Mambo yakiharibika, lawama pia ilikuwa yake.

Na kwa Kimnyole mambo yaliharibika kabisa. Kulikuja magonjwa, njaa, na uvamizi mmoja ambapo vijana wengi walienda na hawakurudi. Jamii ikamgeukia. Mwaka wa 1890 aliuawa kwa kupigwa rungu na watu wake mwenyewe. Kabla afe aliacha utabiri ambao kila mtoto wa Nandi anaujua: nyoka mkubwa atatoka ziwa la mashariki akitema moshi na moto, atambae hadi ziwa la magharibi kuzima kiu yake, na wageni watakuja kutawala nchi.

Hebu jiweke kwa viatu vya Koitalel hapo. Ana umri wa miaka kama 30. Fathe ameuawa na wasee wa nyumbani. Kiti kiko wazi na kakake, Kipchomber arap Koilegen, anakitaka pia. Ukoo unagawanyika. Mwisho Kipchomber anakimbilia kwa Wakipsigis mwaka wa 1895 na kuwa orkoiyot wao wa kwanza, na Koitalel anabaki na Nandi. Mwaka huohuo, vita vya Wazungu vinaanza. Jamaa hakupata hata nafasi ya kupumua.

Nyoka wa chuma anaingia

Waingereza hawakuja wakiwa na haja na Nandi yenyewe. Walikuwa wanataka Uganda. Misafara ilitoka Mombasa ikielekea Ziwa Victoria, na njia ilipita kwa Wanandi bila mtu kuomba ruhusa. Mwaka wa 1895 mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Peter West, aliingia na kundi lake na akauawa. Waingereza wakajibu kwa jeshi, na hapo moto ukawaka. Kati ya 1895 na 1905 walituma misafara mitano ya kuwaadhibu Wanandi. Mitano, buda. Jamii nyingine zilinyamazishwa kwa mara moja au mbili.

Siri ya Koitalel ilikuwa nini? Kwanza, milima, misitu na baridi. Vijana wake waliijua kila njia ya Tinderet na mteremko wa Nyando, wakapiga usiku na kupotea. Pili, aliweza kuwafanya watu wa sehemu tofauti za Nandi wasikie sauti moja. Tatu, alijua ni wapi pa kuguza. Waya wa simu uliponing'inizwa, uliibwa ukawa mapambo ya shingo na mikono. Reli ilipofika, nati na vyuma vilitolewa vikafuliwa kuwa silaha. Nyoka wa Kimnyole alifika Kisumu Desemba 1901, lakini kila usiku kuna mtu alikuwa anamng'oa meno.

Kwa Wazungu hii ilikuwa soo kubwa. Reli ilimeza mamilioni ya pauni, na haiwezi kulipa deni kama nati zake ziko kwenye mkuki wa mtu.

Lakini jeshi lilikuwa la nani?

Hapa ndipo stori za shule huruka. Tunasema Koitalel alipigana na Wazungu, na ni kweli, amri ilikuwa ya Wazungu. Lakini ukiangalia safu yenyewe iliyopanda milima ya Nandi 1895, Wazungu unawahesabu kwa vidole. Wengine wote ni weusi kama wewe.

Wengi wao waliitwa Wasudani. Walikuwa wanaume kutoka kusini ya Sudan, baadhi yao wakiwa walichukuliwa kama watumwa wakiwa wadogo na kuingizwa kwa jeshi la Misri. Vita vya Mahdi vilipowakatia njia ya kurudi, walibaki wamekwama karibu na Ziwa Albert pamoja na wake na watoto wao. Mwaka wa 1891 Mwingereza Frederick Lugard akawapata huko, akawachukua kuja kupigania kampuni ya Uingereza Uganda. Hakuna aliyewauliza kama wana ugomvi na mtu anayeitwa Mnandi.

Mwaka wa 1895 walikutana na vijana wa Koitalel uso kwa uso. Wanandi waliwavamia kwa mbio wakiwa mamia, wakamaliza kikundi kidogo kilichokuwa kimejitenga, na karibu wavunje safu nzima. Kilichowaokoa ni bunduki za kisasa na bombomu ya Maxim. Wale vijana walioanguka pale walikuwa na mkuki na ngao ya ngozi. Waliowaangusha walikuwa na mshahara mdogo wa rupia, tena wa kuchelewa.

Umeona sasa kwa nini nilianza na ile ngoma?

Wasudani wanagoma

Na hawa askari hawakuwa mbao. Waliona. Mwaka wa 1897 walirudishwa tena Nandi kupigana. Wakiwa bado wamechoka, wakaambiwa waende Eldama Ravine kujiunga na safari nyingine ya mbali sana kaskazini, chini ya Major Macdonald. Familia hazikuruhusiwa kuenda nao walivyozoea, malipo yalikuwa duni, na miguu ilikuwa imeisha. Septemba 1897 wakasema imetosha. Waligoma, wakachukua bunduki zao na kugeuza njia kuelekea Uganda.

Hiyo maasi ilikuwa noma. Walifika Busoga, wakateka ngome ya Lubwa na kuua maofisa wao Waingereza. Uingereza ikalazimika kuleta wanajeshi kutoka India kuizima. Wengi wa walioasi waliuawa. Kwa Koitalel, hiyo ilikuwa nafuu: jeshi lililokuwa linamwinda lilikuwa sasa linajimaliza lenyewe.

Lakini fikiria hili. Kwa muda mfupi hapo 1897, Mnandi mwenye mkuki na Msudani mwenye bunduki walikuwa na adui mmoja, na kila mmoja akapigana naye kivyake. Hawakukaa chini kuongea. Lugha ilikuwa tofauti, dini tofauti, na damu ilikuwa tayari imemwagika kati yao. Mkoloni hakuhitaji kuwa mwingi. Alihitaji tu nyinyi msijuane.

Januari 1, 1902, Uingereza ilikusanya vikosi vyake vyote vya Afrika Mashariki kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ile wazee wetu waliita Keya. Askari weusi, maofisa weupe. Wasudani walikuwemo, Waswahili wa pwani walikuwemo, na wengine wa bara.

Asubuhi ya Oktoba 19, 1905

Kufikia 1905 Waingereza walikuwa wamechoka kuwindana. Msafara mkubwa kuliko yote ukapangwa, na safari hii waliongeza wapiganaji Wamaasai, majirani na wapinzani wa zamani wa Wanandi, ambao walijua wakishinda kuna ng'ombe. Lakini kabla jeshi lianze kutembea, afisa mmoja wa Keya aliyekuwa na miaka 27, Richard Meinertzhagen, alikuwa na mpango wake: mwondoe orkoiyot, na Nandi itaanguka.

Akatuma ujumbe kwa Koitalel wakutane waongee amani. Makubaliano yalikuwa kila upande uje na watu wachache. Mahali palikuwa Ket Parak, kilima kilicho hapo Nandi Hills. Koitalel alikuja. Meinertzhagen pia alikuja na watu wachache mbele, ila askari wengine wengi alikuwa amewaficha karibu, bunduki tayari.

Kilichofuata kinasimuliwa kwa njia mbili. Meinertzhagen aliandika kwamba Wanandi ndio walikuwa wamepanga kumuua, yeye akawahi. Wanandi wanasimulia kwamba Koitalel alinyoosha mkono kusalimia, na akapigwa risasi hapo hapo, karibu kabisa. Watu waliokuwa naye, zaidi ya 20, waliuawa pia. Askari walichukua fimbo zake za uongozi. Na Wanandi wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Hadi leo wanadai kirudishwe.

Nani wa kuaminiwa? Uchunguzi ulifanywa mara tatu na Meinertzhagen akaachiliwa kila mara, lakini 1906 aliondolewa Kenya, ishara kwamba hata wakubwa wake hawakuwa na raha na hiyo kitu. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshakufa, wataalamu waligundua kwamba huyu jamaa, aliyekuwa anasifiwa kama mjuzi wa ndege, aliiba ndege waliokaushwa kutoka makumbusho ya London, akawaandikia tarehe na mahali pa uongo, na kudai ni wake. Mtu anayedanganya kuhusu ndege, wewe mwenyewe pima.

Siku chache baadaye jeshi kubwa likaingia. Mamia ya watu waliuawa, nyumba na maghala yakachomwa, ng'ombe, mbuzi na kondoo wakachukuliwa kwa maelfu. Mwanzoni mwa 1906, Wanandi wa karibu na reli waling'olewa kutoka ardhi yao wakasukumwa kaskazini, kwenye eneo walilowekewa mipaka. Vita vya miaka 10 vikawa vimeisha.

Nani alipata shamba?

Sasa hapa ndipo nataka tupige hesabu pamoja, maana ukitaka kujua vita vilikuwa vya nani, usiangalie nani alishika bunduki. Angalia nani alibaki na shamba.

Wanandi? Walipoteza. Na familia ya Koitalel iliandamwa hata baada ya yeye kufa. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa Oktoba 1923 Waingereza walipohofia kwamba sherehe kubwa ya kukabidhiana rika itageuka maandamano ya kupinga ushuru na unyakuzi wa ardhi. Aliachiliwa 1964. Hesabu mwenyewe: miaka 40 kizuizini. Mandela alikaa 27. Barsirian alitoka akiwa mzee, uhuru umeshapatikana, na akafariki 1974.

Askari Wasudani? Baada ya kazi yote hiyo walipewa ruhusa ya kukaa kwenye msitu mmoja nje ya Nairobi, tangu 1904. Waliuita Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Ndio hiyo Kibera unayoijua. Waliruhusiwa kukaa lakini hawakupewa hati. Wajukuu zao, Wanubi, walihangaikia vitambulisho na ardhi miaka na mikaka, hadi 2017 ndipo serikali ikawapa hati ya ekari 288. Babu alipigana 1905, mjukuu akapata karatasi 2017.

Na Buffalo Soldiers? Waliporudi nyumbani kutoka kufungua magharibi, walikuta sheria za ubaguzi zikiwangoja. Hata kukaa mbele kwenye gari la moshi ilikuwa shida.

Basi nani alipata? Hapo karibu na wewe, kwenye uwanda wa Uasin Gishu, jibu liko. Mwaka wa 1903 Waingereza walikuwa tayari wanaigawa nchi hii hata kabla ya kumshinda Koitalel: waliwapa Wayahudi wa Ulaya wazo la kuja kukaa Uasin Gishu. Wajumbe wakaja kuiangalia, na mwaka wa 1905 wakakataa. Kisha 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakafika kwa meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, halafu mikokoteni ya ng'ombe hadi huku juu. Uwanda ukakatwa mashamba, kila shamba na namba yake. Mwaka wa 1910 walihitaji mahali pa kuweka posta, wakachagua shamba ambalo udongo wake haukuwa wa maana sana. Lilikuwa shamba namba 64.

Ndio, hiyo ndiyo Eldoret. Ndio maana wazee bado wanaiita Sisibo. Kila ukisema Sisibo unasoma namba ya shamba la mlowezi, miaka mitano tu baada ya Ket Parak.

Wajukuu wanavaa yunifomu

Hii stori iko na sehemu moja ya mwisho, na ndiyo inanikunaga kichwa zaidi. Wanandi walipokwisha kushindwa, Waingereza waliwaangalia wakaona: hawa wanajua kupigana. Wakaanza kuwaandika Keya. Ndani ya muda mfupi, vijana wa jamii iliyosumbua Keya ndio walikuwa Keya. Walienda Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwenye vita ya pili, wanajeshi wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi Burma kupigana na Wajapani. Na miaka ya 1950, vikosi vya Keya viliingizwa misituni Kenya hapa hapa kuwasaka Mau Mau, watu waliokuwa wanadai ardhi. Gurudumu likawa limezunguka mzunguko kamili.

Desemba 1963 jeshi hilo likabadilisha jina na bendera, likawa letu. Na leo, makurutu wa KDF kutoka kila kaunti wanafunzwa wapi? Moi Barracks, Eldoret. Kijana wa Kibra, kijana wa Narok, kijana wa Kapsabet, wote wanalala chumba kimoja na kukimbia asubuhi kwa baridi ile ile iliyomsaidia Koitalel.

Labda wewe mwenyewe uko kwa hiyo foleni mwaka huu. Labda kakako yuko. Hakuna anayekucheka, kazi ni kazi, na nchi inahitaji jeshi. Ila tofauti yako na yule Msudani wa 1895 ni kwamba yeye hakuambiwa anaenda kupigana na nani na kwa nini. Wewe unaweza kujua.

Zile fimbo tatu za Koitalel zilirudi nyumbani 2006, zikiletwa na mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Ziko kwenye makumbusho yenye jina la Koitalel, Nandi Hills. Wikendi ikifika na uko na nauli, shika mat ya Kapsabet, unganisha hadi Nandi Hills, pita katikati ya majani chai uende uzione. Ni fimbo za kawaida tu, utashangaa. Jeshi zima lilitembea miaka 10 kuzitafuta.

Na dere akiweka Buffalo Soldier mkirudi Sisibo, imba kama kawaida. Wewe unajua tu sasa ni nani alikuwa upande ule mwingine wa bunduki.